Saloni ya Tata wa Bafle

Akiingia nyumbani mwa mtu mara ya kwanza, hakai. Utamletea kiti, atakiangalia tu. Atasimama katikati ya saloni, chumba cha kupokelea wageni, atapiga kofi moja, pah! halafu atainamisha kichwa kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. Watoto wa nyumba watacheka. Yeye hacheki. Atasogea hatua mbili, atapiga tena. Mwishowe atamwambia mwenye nyumba, mbele ya bibi yake na wageni wake: "Nyumba yako inajibu mubaya." Au, mara chache sana: "Hii inajibu muzuri. Sasa naweza kukaa."

Tulimwita Tata wa Bafle; tata kwetu ni baba. Bafle ni yale masanduku ya sauti unayoyaunga na mashine ya diski ili muziki utoke. Kazi yake ya mshahara ilikuwa nyingine: kwenye atelie, karakana ya kampuni ya mgodi, huko Musonoi, alikuwa akizungusha upya nyaya za shaba ndani ya mota zilizoungua. Lakini hapa kwetu Kolwezi hakuna aliyemjua kwa mota. Mtu akitaka kununua bafle anamwita yeye amwambie ipi achukue, na akishanunua anamwita tena amwambie aiweke wapi.

Alikuwa jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Nyumba za kampuni zilijengwa mbili mbili, kama mapacha waliopeana migongo, na saloni yake ilipakana na chumba nilicholala mimi.

Mimi nilisoma mpaka mwaka wa pili wa sekondari, kisha nikaenda shule ya kushona ya wamama. Ninajua kitambaa kuliko maneno. Mimi ni mtu wa kuota pia, siwezi kukataa: kila siku najiona na duka langu pale mtaa wa Manika, na sanamu ya kuvalishwa nguo imesimama dirishani, na watu wanapita wanasema "eeh!" Nikiwaza hayo nacheka peke yangu juu ya mashine. Lakini nikimwaza Tata wa Bafle sicheki wala silii. Moyo unakuwa kama mkono uliolaliwa: upo, unauona, ila ukiugusa ni kama wa mtu mwingine. Basi naandika hivyo hivyo.

Kitu alichokitaka duniani kilikuwa kimoja, na hakukificha. Alitaka muimbaji asimame katikati.

Nieleze. Bafle ni mbili, moja kushoto, moja kulia. Ukiziweka ovyo unasikia masanduku mawili yanapiga kelele. Lakini zikikaa vizuri, na wewe ukakaa vizuri, masanduku yanapotea, na pale katikati, mahali pasipo na kitu, anasimama mtu anaimba. Unaweza kumwonyesha kwa kidole. Ilimchukua Tata wa Bafle miaka mingi kumsimamisha katika saloni yake. Nayo saloni haikuwa yake. Nyumba ya kampuni ni ya kampuni. Siku unapata pansio, unastaafu, unarudisha ufunguo. Sisi wote tulijua, naye alijua. Hata alipokuwa anafurahi ulimwona anaangalia kuta kama mtu anayeangalia mgeni aliyeshafunga mizigo.

Alikuwa na njia yake ya kuchagua bafle. Siku moja alimsindikiza kapita mmoja, msimamizi wa kiwandani, dukani Manika, na mimi nilikuwa mle ndani natafuta uzi. Kapita akaenda moja kwa moja kwenye sanduku lililo kubwa kuliko yote.

"Hii, Tata. Hii itasikika mpaka kwa mukubwa wangu."

Tata wa Bafle akaigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole, kama mama anavyogonga chungu kabla ya kukinunua. Ngo, ngo.

"Sikia-ko. Hii ni sanduku ya maiti."

"Tata!" mwenye duka akalia. "Unaniharibia biashara!"

"Biashara yako iliharibika siku balipiga misumari. Leta ile ndogo. Na toa hiyo diski ya gitaa."

"Juu ya nini? Gitaa iko muzuri."

"Gitaa inadanganya. Gitaa ni kama muchumba, siku ya kwanza iko muzuri fasi yote. Fungua radio, tafuta mutu mwenye kusoma habari."

Wakaunga radio. Mtu wa habari alikuwa anasoma habari ndefu, ya wakubwa na safari zao. Hakuna aliyesikiliza habari. Wote walisikiliza koo lake.

"Akikohoa, na weye ukataka kumupatia maji," Tata wa Bafle akasema, "nunua."

Sijui kama mtu wa habari alikohoa. Kapita alinunua ile ndogo na pacha yake, akazibeba kwa aibu kidogo, kama mtu aliyeoa msichana mfupi.

Kuiweka ndiko kulikoleta vita. Bibi wa kapita alikuwa ameshaandaa kila kona ya saloni, na vitambaa vyeupe vya kufuma juu, na maua ya plastiki.

"Mama, bafle haikae kwa kona. Kwa kona inasema na tumbo tu. Na haiko meza."

"Na maua yangu nitaweka wapi?"

"Kwa meza."

"Kwa meza kuko picha ya bwana yangu."

"Basi weka maua hapa kati-kati. Hapa ndipo muimbaji atasimama. Atakuambia aksanti."

Mama yule alicheka mpaka akakaa chini, na akakubali. Tata akatoa mfukoni kamba yake ya mafundo. Alikuwa akipima kutoka bafle moja hadi ya pili, halafu kutoka kila bafle hadi kiti cha msikilizaji, pande zote tatu sawa. Neno lake lilikuwa moja kila nyumba: "Bafle mbili na weye, ni mafiga matatu. Figa moja ikisogea, chungu inamwagika." Alizinyanyua juu ya matofali mpaka zilingane na sikio la mtu aliyekaa, akazitoa ukutani kwa hatua nzima, akazigeuza uso kidogo zimwangalie msikilizaji. "Zinakusalimia," alisema. "Mutu hakusalimie na bega."

Sauti yake mwenyewe ilikuwa kubwa ajabu. Miaka ya atelie, na mota zinanguruma, ilimfundisha kusema kwa nguvu, na hakujua tena kusema kwa njia nyingine. Siri zake zote mtaa ulizijua. Lakini muziki aliusikiliza chini chini, mpaka wageni walidhani mashine imeharibika. Na hakutaka mtu acheze, kwa kuwa miguu hutikisa sindano ya diski. Vijana walikuja kwake mara moja tu. "Kwa Tata wa Bafle," walisema, "muziki ni kama hospitali."

Kuna hadithi ya pembe. Mkubwa wa kartie, mtaa wetu, alileta bafle ya aina ya pembe, ya kutangazia mikutano na kutuitia nyimbo za asubuhi, akamwita kama serikali ilivyotaka tuitane wananchi, "Citoyen, weka fasi itafika mbali." Tata alipanda ngazi, akaifunga kwenye mlingoti, akaigeuza hivi na hivi kwa muda mrefu sana. Kweli ilifika mbali. Ilielekea mlima wa udongo unaotolewa mgodini, na udongo ukasikia kila kitu. Sisi tulilala vizuri. Alikosea, au hakukosea? Nilimuuliza.

"Mukubwa alisema mbali," akanijibu. "Mi niliweka mbali."

Bibi yake tulimwita Mama tu. Alikuwa mwembamba siku zile, mwenye ulimi. Sakafu yao ilijaa alama za chaki, kwa sababu bwana alikuwa akisogeza bafle kwa upana wa kidole, anachora pale zilipokuwa, anasikiliza, anazirudisha. Mama alifagia kwa kuzunguka chaki. Lakini siku akikasirika alideki. Tulisikia ndoo, tulisikia maji yanamwagwa, halafu sauti ya Tata ikapita ukuta: "Mama! Alama! Alama zangu!" Naye anajibu taratibu, "Nyumba iko muchafu, Tata." Siku nyingine nilimsikia anamwambia, "Ule mutu unatafuta pale kati-kati, niko huku kwa jiko." Nadhani hilo neno lilimpata Tata, maana aliacha diski iishe na kuendelea kukwaruza.

Ilipokuja vita na sisi wote tukakimbilia porini, tukarudi tukakuta nyumba zimefunguliwa na vitu havipo, kila mtu aliangalia kwanza unga na magodoro. Tata wa Bafle alisimama katikati ya saloni, akapiga kofi. Mama akapiga kelele, "Mulungu wangu, angalia kama tuko na sufuria!" Bafle zilikuwepo; waliokuja hawakuzitaka. Sufuria hazikuwepo.

Mimi alinijia kwa ajili ya mapazia.

"Mutoto wangu, unashona pazia?"

"Nashona hata suti, Tata." Suti nilikuwa sijawahi kushona hata moja.

Hakutaka pazia la dirisha. Alitaka la kufunika ukuta ulio nyuma ya kiti, wote, toka juu mpaka chini, na jingine la upande wa mlango. Ukuta mtupu, aliniambia, unarudisha maneno kama mtoto mwenye kiburi. Tuliunga blanketi za kijivu, mbili mbili, na nikazishona na mikunjo minene. Kisha Mama akataka bafle nazo zivalishwe, kwa wax mpya, kitenge cha maua mekundu. "Bafle haivae wax," Tata akasema. "Wax inafunga kinywa." Nilimletea vitambaa vitano. Kila kimoja alikiweka mdomoni akapuliza, na mkono wake upande wa pili. Pumzi ikipita, sauti itapita. Alichagua kile cha chandarua, nikakipaka rangi nyeusi. Mama alisema sasa tumeweka wajane wawili ndani ya nyumba.

Kwetu kuna desturi: mtu akifa katika mistari ile ya nyumba, mwenye bafle anazigeuza uso ukutani. Kuzima hakutoshi. Bafle inayoangalia watu ni kama mtu aliyefungua kinywa tayari kucheka. Baba yangu alipokufa, sikujua nani aliyemwambia Tata; nilisikia tu kupitia ukuta, hata watu wa kilio hawajafika, masanduku yanaburuzwa. Yalikaa hivyo mpaka matanga yakavunjwa, siku zote zile, na chaki zote zikafutika. Watu walikuja, walilia, walikula, walienda. Mimi nilipokea sahani, nikaosha sahani. Wote walingoja nilie. Sikulia. Shangazi yangu alisema, "Huyu mutoto iko nguvu," lakini haikuwa nguvu.

Siku ya mwisho Tata wa Bafle alikuja mlangoni, amevaa shati safi, akamwambia mama yangu kwa sauti yake ile ile kubwa, maana nyingine hakuwa nayo:

"Mama, nigeuze?"

Mama yangu akajibu: "Geuza, Tata."

Nikasikia yanaburuzwa tena. Ilimchukua majuma kumsimamisha muimbaji upya, na hakulalamika hata mara moja, jambo ambalo kwake lilikuwa la ajabu.

Pansio ilikuja kama tulivyojua itakuja. Walimpa karatasi, walimpa mkono, walimpa tarehe ya kutoka. Yeye na Mama walikuwa na shamba Kasaji, kwenye njia ya treni. Mtu mwingine angeuza bafle, au angezipeleka na kuona mbele kwa mbele. Yeye alipima. Siku tatu alipima saloni ya kampuni kwa kamba na kwa hatua: upana, urefu, kimo cha dirisha toka chini, mlango wa mbele, mlango wa kwenda kwenye koridoo. Aliandika yote kwenye gamba la sanduku la sabuni.

"Batu banarudi kwabo na baiskeli," Mama aliniambia, "yeye anarudi na nyumba ya kampuni kwa kichwa."

Mapazia ya blanketi yalikuwa yameliwa na nondo, basi akaniomba nishone mengine, kipimo kile kile. Blanketi zilikosekana kwa muda mrefu, wao wakaenda Kasaji bila mapazia. Niliposikia habari zake tena ilikuwa barua fupi, iliyoletwa na mtu wa treni. Iliandikwa: "Leta mapazia. Muimbaji bado."

Nilienda. Safari ilikula siku nzima, na mimi nilikaa juu ya furushi la blanketi nikiota duka langu, na safari hii sanamu ya dirishani ilikuwa imevaa pazia. Alikuwa stesheni na baiskeli. Alikuwa amepungua, lakini kelele zake hazikupungua. "Unafika!" Watu wote wa stesheni waligeuka kuona nani amefika.

Nyumba yake niliitambua toka mbali na sikuelewa kwa nini inanitisha. Ilikuwa ya tofali za udongo, na mabati juu, lakini mbele yake ilikuwa saloni ya kampuni, dirisha lile, mlango ule. Nilipoingia ndipo nikaona. Mlango wa koridoo ulikuwepo, na ukiufungua unatokea katika mihogo, kwa sababu koridoo hakuijenga. Na ule ukuta wa upande wetu, ule uliotutenganisha nao miaka yote, aliujenga pia, mtupu, bila dirisha, na huo peke yake aliupaka saruji, kwa kuwa saruji ilitosha ukuta mmoja.

"Tata, juu ya nini huku hakuna dirisha?"

"Kule ni kwa jirani," akajibu. Hakucheka. Nadhani alikuwa amewajibu watu wengi hivyo mpaka hakusikia tena anachosema. Nilizunguka nje kuangalia. Kule kulikuwa na majani marefu na mbuzi wa watu.

Mama alinikumbatia. "Umeona gereza letu? Upepo yote ya Kasaji inatokea kule, na yeye anaufungia. Saa sita mabati yanatupika. Namuomba dirisha moja, anasema itaharibu kipimo."

Tulitundika mapazia. Yalikaa sawa, kipimo kilikuwa kile kile hata kwenye pindo. Umeme hakuna kule, ila alikuwa na batri ya kamio, ya lori, aliyoichajisha kwenye misheni, ya kutosha diski mbili au tatu, halafu inabidi ipelekwe tena kwa baiskeli. Alinikalisha kwenye kiti. Alipima kamba mara ya mwisho. Akaweka diski ya mama mmoja anayeimba taratibu, na gitaa nyuma, ile niliyoijua usiku mwingi bila kuyajua maneno yake.

Ikaanza. Yeye hakusimama mbele yangu. Alisimama nyuma, karibu na pazia, nikasikia pumzi yake.

"Anasimama?"

Mimi ni fundi wa nguo. Kila juma namwambia mtu "imekukaa vizuri" wakati mgongoni imevimba kama gunia. Uongo mdogo ni sehemu ya pindo. Na nilijua kwamba angebaki na furaha mpaka kesho. Niliangalia pale katikati. Sauti ilikuwa nzuri, lakini mama yule hakuwa pale. Alikuwa amekwenda upande wa kulia, ameegemea ukuta wa saruji, kama mtu anayetafuta mlango.

"Hapana, Tata."

Diski inaendelea.

"Iko wapi?"

"Iko anaegemea. Kwa ule ukuta ya jirani."

Alikwenda akanyanyua sindano, ili batri isiishe. Akakaa chini sakafuni, kati ya bafle mbili.

"Pasta alisema anasimama. Chef, mukubwa wa stesheni, alisema anasimama. Bashemeji bote."

"Banakuheshimu, Tata."

"Na weye?"

"Na mi nakuheshimu pia."

Akatikisa kichwa. "Nilizani ni pazia," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisema chini, mpaka ikabidi niiname kumsikia. "Nilisema, pazia ikifika tu. Ukuta ile ingine yote ni udongo, inakunywa sauti. Ule moja unarudisha. Sikio yangu ilijua. Mi sikutaka."

Nilipaswa kusikia uchungu. Nilikuwa naangalia pindo la pazia, nikiona mshono mmoja umepinda. Huko nje Mama alikuwa anachunga unga wa mihogo, shaa, shaa, shaa.

Kisha akapaza sauti ile ya atelie:

"Mama! Ule dirisha yako, uliitaka wapi?"

Chungio likasimama. "Usinichekee, Tata."

"Sikuchekei. Kuja uonyeshe."

Aliingia, mikono myeupe mpaka viwiko. Alituangalia, mmoja, wa pili. Akapita katikati ya bafle, akafika kwenye saruji, na kwa kidole cha unga akachora: juu, pembeni, chini, akarudi.

"Hapa."

"Iko kubwa."

"Na mi niko kubwa sasa."

"Tata," nikauliza, "na bafle utaziweka namna gani?"

"Dirisha kwanza. Halafu tutasikia nyumba inasema nini."

Nikatoa sentimita yangu, utepe wa kupimia nguo. Mama alishika mwisho mmoja, nikapima dirisha ambalo halikuwepo, upana na kimo, nikasoma namba mara mbili kwa sauti nisizisahau. Tata alileta nyundo na chuma. Tofali za udongo hazikatai. Pigo la nne au la tano, saruji ikaanguka, na tundu likafunguka, dogo kama tundu la kifungo. Upepo mwembamba ukaingia, ukatikisa mikunjo ya blanketi nyuma yetu. Mama akainama, akaweka jicho.

"Unaona nini?" Tata akapiga kelele, kama mtu aliye upande wa pili wa mgodi.

"Majani," Mama akasema. "Na mbuzi ya batu. Piga tena."